Kulwa na Doto, Ghorofa ya Nne

Saa saba usiku ndiyo ruhusa niliyopewa,
mpaka saa kumi, bila nyongeza:
saa tatu ambazo duka la dawa la jumla,
Mtaa wa Narung'ombe,
halina mteja wa kukatiwa stakabadhi.
Sikudhani, mlinzi, anasukuma geti kwa mguu,
mkono mmoja una chai, mwingine kitabu cha wageni.
"Andika na jina la baba," anasema. Naandika.

Chumba cha seva ni stoo iliyopandishwa cheo.
Kiyoyozi kinakohoa. Juu ya raki
swichi mbili, moja mgongoni mwa mwenzake,
zimetoka kiwandani siku moja,
namba zao zimepishana tarakimu ya mwisho tu.
Nimezibandika majina kwa utepe mweupe:
ya juu Kulwa, ya chini Doto.
(Mimi mwenyewe ni Doto. Si siri,
limo kwenye kitabu cha Sikudhani.)

Kazi ni hii: nyaya mbili ziende kila seva,
mmoja utoke kwa Kulwa, mmoja kwa Doto,
na seva isijue kwamba ina walezi wawili.
Ione mlango mmoja, mpana.
Na kati ya mapacha, nyaya mbili nene, zilizofungwa kuwa moja,
za kuambizana nani kapita kwangu, nani kwako,
wewe mzima? Mimi mzima.
Kila sekunde. Wewe mzima?

Maana siku fungu hilo likikatika
kila mmoja atadhani mwenzake kafa
na yeye ndiye mrithi.
Wahenga walishasema habari ya mafahali na zizi;
hawakusema wafanyeje
waliozaliwa humo humo zizini.
Kwa hiyo nawaandikia sheria:
likitokea, Doto afunge milango yake yote, anyamaze,
Kulwa aendelee.
Kidole changu kilisita hapo,
kikasita tena.

Saa tisa kasoro. Kila kitu kimeandikwa,
namba ya fungu ni ile ile, kasi ni ile ile,
na fungu halinyanyuki.
Taa ya chungwa. Nachomoa, napuliza vumbi, nachomeka.
Nasoma mistari upya kwa kidole
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.
Chungwa. Chungwa.

Ndipo nikaliona neno, mwisho wa mstari:
Kulwa nimemweka hali ya kungoja.
Doto nimemweka hali ya kungoja.
Wote wanaijua salamu. Wote wataitikia.
Hakuna wa kuanza.

Dakika kumi na moja alinitangulia
ndugu yangu wa Mbagala Charambe,
na tangu yale matofali mia nane ya Chanika,
mwaka wa tatu sasa,
kila mmoja simu yake ina chaji, ina vocha,
imelala kifudifudi mezani.
Shikamoo ya dakika kumi na moja
inadaiwa au haidaiwi? Mama alikuwa akicheka
tukimuuliza.

Nikalifuta neno la Doto. Nikaandika: aanze.
Taa ikapepesa, ikawa kijani.
Kulwa aliitika kabla sijanyanyua kidole.
Nikafanya ukorofi wa makusudi,
nikauchomoa waya wa seva kwa Kulwa:
mzigo ukayumba kidogo, ukapita kwa Doto
kama mtu anayebadilisha bega.
Nikaurudisha.

Kwenye daftari la kazi, penye "chanzo cha tatizo",
nimeandika: wote walikuwa wanangoja.
Nikakata. Mteja hataelewa.
Nikaandika: mpangilio.

"Saa ya kutoka?" anauliza Sikudhani.
Saa kumi na robo. Nimepitiliza.
Kulwa huamka saa kumi na moja, anauza supu.
Simu imo mfuko wa shati.
Nimesimama getini na kikombe ambacho si changu,
nahesabu dakika arobaini na tano,
najiuliza kama na huku nako
ni kungoja.